Mgeni anayesemwa ni mimi? Jibu kwa msomaji wa Tanga kuhusu sheria ya Marekani ya kunasa mawasiliano

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga. Kaka yangu yuko Dayton, Ohio, mwaka wa kumi na tano huu, na uraia ameshachukua. Tunaongea WhatsApp karibu kila usiku, na karatasi za nyumba ya marehemu baba tunatumiana kwa Gmail. Kila baada ya muda nasikia redioni Bunge la Marekani linavutana kuhusu kuongeza muda wa sheria ya kupeleleza mawasiliano ya wageni. Kaka ananiambia nisijali, hiyo ni ya magaidi. Lakini kama sheria ni ya wageni, mbona wanaogombana ni wao kwa wao? Na mgeni si ndiye mimi? Mwezi wa sita naenda ubalozini kuomba viza ya kumtembelea, ndiyo maana nauliza.

Jibu: Marahaba dada yangu. Mgeni ni wewe, hilo umeliona sawasawa. Ila mabishano unayoyasikia redioni hayakuhusu wewe. Yanamhusu kaka yako. Kwamba wewe unaweza kunaswa, Bunge lile halibishani. Wanachobishania ni nini kifanyike pale unaponaswa wewe na sauti ya kaka ikawa humo humo ndani.

Nianze na sheria yenyewe. Inaitwa FISA, kwa kifupi cha Kiingereza cha sheria ya upelelezi wa kijasusi dhidi ya wageni, na sehemu yake inayowasha moto ni Kifungu cha 702, kilichopitishwa Julai 2008. Kifungu hicho kinaipa serikali ya Marekani uwezo wa kuzilazimisha kampuni zilizoko Marekani zitoe mawasiliano ya mtu ambaye si Mmarekani, anayeaminika kwa sababu za msingi kuwa yuko nje ya nchi hiyo, ilimradi shabaha iwe kupata taarifa za kijasusi kuhusu mambo ya nje. Basi. Haihitajiki dalili kwamba mtu huyo amefanya kosa lolote. Hakuna jaji anayelipitia jina lake. Mahakama ipo, inakaa Washington na kesi zake husikilizwa kwa siri, lakini kila mwaka inachopitia ni taratibu za jumla: walengwa watachaguliwaje, taarifa zitatunzwaje, nani ataruhusiwa kutafuta nini. Orodha ya majina wanaijaza maofisa wenyewe.

Na neno "taarifa za kijasusi" halina maana ya ugaidi peke yake, kama kaka anavyodhani. Limo suala la silaha, limo la udukuzi wa mitandao, na limo pia suala la uhusiano wa Marekani na mataifa mengine. Mtu anayefanya kazi wizarani, katika mradi mkubwa wa gesi au katika ujumbe wa mazungumzo ya kibiashara anaweza kuwa mlengwa halali bila kuwa na doa lolote.

Mwaka 2013 walengwa wa kifungu hiki duniani kote walikuwa 89,138. Mwaka 2024 walifika 291,824. Hizi ni hesabu za serikali yao yenyewe. Kwa idadi ya watu waliopo duniani, uwezekano wa wewe kuwa mmoja wao ni mdogo mno, na sitaki ulale macho kwa hilo. Ila tazama zinavyopanda.

Sasa nikuoneshe jinsi barua ya mtu inavyosafiri humo, kwa mfano wa kubuni. Tuseme yuko mfanyabiashara Dubai ambaye Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, linamfuatilia kwa kumdhania kwamba ananunua vipuri vya makombora. Ofisa anaandika anwani ya barua-pepe ya yule mtu, anaeleza kwa maneno machache kwa nini anamtaka, wenzake wanakagua, amri inakwenda kwa kampuni inayohifadhi barua hizo. Tangu saa hiyo kila kinachoingia na kutoka kwenye anwani ile kinatolewa nakala. Sasa kaka yako, huko Dayton, anataka kukusafirishia gari dogo lililotumika, na mfanyabiashara yule yule ana kampuni ya kupakia makontena. Anamwandikia: bei gani kutoa gari Dubai hadi bandari ya Tanga? Anajibiwa. Barua zote mbili zimenaswa. Kaka hakulengwa na mtu, na sheria inakataza kumlenga, lakini barua yake imeshaingia.

Barua ile inakwenda kukaa kwenye hifadhidata, kwa kawaida miaka mitano. Miezi minane baadaye ofisa wa FBI, shirika lao la upelelezi wa ndani, huko Ohio, kwa sababu zake, anaandika jina la kaka kwenye kisanduku cha kutafutia. Barua inatokea. Ofisa anaisoma.

Hapo ndipo penye ugomvi wote. Ofisa huyo huyo angetaka kuisoma barua hiyo hiyo kwa njia ya kawaida, angelazimika kwenda kwa jaji, aape, aoneshe sababu za kumshuku kaka yako, apewe hati ya upekuzi. Marekebisho ya Nne ya Katiba yao yanamtaka hivyo. Kwa kuwa barua ilishaingia ghalani kwa jina la mtu wa Dubai, ofisa hahitaji jaji. Wanaopinga wanauita upekuzi wa mlango wa nyuma. Mimi nikiwafundisha wanafunzi huuita mlango wa uani, maana sisi watu wa pwani tunajua mlango huo ni wa watu wa nyumbani, na aliyekataliwa barazani hana ruhusa ya kuzunguka kuingilia huko.

Kwa haki niseme pia kwamba FBI haipewi kila kitu. Mwaka 2022 ilikuwa inapokea mawasiliano ya asilimia 3.2 hivi ya walengwa wote, wale wanaohusiana na uchunguzi wake ulio wazi. Asilimia hiyo ndogo bado ni maelfu ya walengwa, kila mmoja na watu anaoandikiana nao.

Na "Mmarekani" kwa sheria hii si raia peke yake. Mwenye grini kadi naye ni Mmarekani, halengwi. Lakini binamu yako mwenye viza ya mwanafunzi kule Ohio hahesabiwi hivyo. Akiwa ndani ya Marekani hawezi kulengwa kwa Kifungu cha 702, kwa sababu yupo ndani. Akipanda ndege kuja likizo Tanga, akishuka tu, kinga hiyo imekwisha. Watu wengi wetu walioko huko hawalijui hili, na nimeona niliseme hata kama hukuuliza.

Kwa nini wakajitungia sheria ya namna hii? FISA ya kwanza ilitoka mwaka 1978 kuwazuia, si kuwaruhusu. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilikuwa imefichua jinsi vyombo vya usalama vilivyowasikiliza raia kwa miaka, akiwemo Martin Luther King. Ikaamuliwa: anayetaka kusikiliza kwa ujasusi ndani ya Marekani aende mahakamani, mtu kwa mtu. Baada ya Septemba 11, 2001 serikali ya George W. Bush ikasikiliza bila mahakama hiyo, gazeti la New York Times likafichua Desemba 2005, na Bunge, badala ya kuifunga njia, likaihalalisha kwa masharti. Kura za Julai 2008 zina jina ambalo sisi huku tulilishangilia miezi minne baadaye: Seneta Barack Obama alipiga kura ya ndiyo.

Ila usifikiri hofu yao ilizushwa. Sisi hasa hatuna ruhusa ya kufikiri hivyo. Agosti 7, 1998 mabomu yaliyolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224, wengi wao wakiwa Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wanapita njia. Na kuna jambo la kabla ya siku hiyo ambalo kila anayejadili sheria hizi Afrika Mashariki anapaswa kulijua. Marekani ilikuwa inasikiliza simu Nairobi tangu Agosti 1996. Walikuwa wamepata nambari tano zilizotumiwa na watu wa Osama bin Laden, na mbili kati yake, ya nyumbani na ya mkononi, zilikuwa za Wadih el-Hage, Mlebanoni aliyechukua uraia wa Marekani na kuhamia Kenya na familia yake. Agosti 21, 1997 maofisa wa Marekani pamoja na wa Kenya wakaenda nyumbani kwake. Mkewe alioneshwa karatasi, akaambiwa ni hati ya Kenya ya kutafuta mali ya wizi. Wakachukua walichochukua. Kesi yake ilipofika mahakama ya rufaa New York, mwaka 2008, majaji wakasema sharti la hati ya upekuzi haliendi nje ya Marekani hata kwa raia wake. Kinachotakiwa tu ni upekuzi uwe wa kiasi. El-Hage alifungwa kwa njama ile.

Nimelirudia tukio hilo kwa sababu linabeba pande zote mbili za hoja. Adui alikuwepo kweli, Nairobi, kwenye simu. Na walimsikiliza mwaka mzima, wakaingia hadi ndani ya nyumba yake, na mwaka uliofuata bomu likalipuka. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kila kizuizi kwenye usikilizaji kinaleta maafa, namkumbusha kwamba watu wale 224 hawakufa kwa sababu ya hati ya jaji. Hati yenyewe haikuwepo.

Watetezi wa Kifungu cha 702 wana hoja zenye uzito zaidi ya hiyo, na nisingependa uzisikie kwangu zikiwa zimepunguzwa. Ikulu ya Marekani ilisema kifungu hiki kilichangia kumpata Ayman al-Zawahiri, kiongozi wa al-Qaeda aliyeuawa Kabul mwaka 2022, mtu ambaye jina lake limo kwenye mashtaka ya mabomu yale ya Nairobi na Dar. Ilisema kilisaidia pia katika shambulio la wadukuzi kwenye bomba la mafuta la Colonial Pipeline mwaka 2021. Mwaka 2022 asilimia 59 ya makala katika taarifa ya kijasusi anayosomewa Rais kila siku zilikuwa na kitu kilichotoka humo. Mimi mwenyewe sitaki kifungu hiki kifutwe. Nataka mlango wa uani uwekwe mlinzi.

Sababu ni hii. Mwaka 2021 FBI ilitafuta habari za Wamarekani ndani ya hifadhidata hiyo hadi mara milioni 3.4. Zaidi ya nusu zilitokana na uchunguzi mmoja wa udukuzi, hilo nalikubali. Lakini uamuzi wa mahakama yao ya siri uliowekwa wazi Mei 2023 ulionesha upekuzi zaidi ya 278,000 uliokiuka taratibu. Walitafutwa watu 133 waliokamatwa kwenye maandamano baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Walitafutwa watu 19,000 waliokuwa wamemchangia mgombea mmoja wa ubunge. Walitafutwa walioshukiwa katika uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021. Ukiitazama orodha hiyo utaona wamo wa kushoto na wa kulia, na hapo ndipo utaelewa kwa nini mjadala wa mwaka 2024 ulivunja safu za vyama.

Nikueleze ulivyokwenda, maana mvutano unaousikia redioni ulikuwa na uso wake kamili mwaka ule. Kifungu kina ukomo. Kisipoongezwa muda kinakufa. Kiliongezwa Desemba 2012, kikaongezwa Januari 2018 hadi mwisho wa 2023, kikapewa miezi michache ya ziada hadi Aprili 19, 2024. Spika Mike Johnson akaleta muswada. Asubuhi ya Aprili 10 Donald Trump, wakati huo akiwa mgombea, akaandika mtandaoni kuwataka wabunge waiue FISA kwa sababu ilitumiwa dhidi yake. Iliyotumika kwa mtu wa kampeni yake ilikuwa sehemu nyingine ya FISA, si Kifungu cha 702, lakini maneno yalishatoka. Siku hiyo hiyo Warepublikani 19 wakaungana na Wademokrati kuzuia muswada usijadiliwe hata kidogo, 228 kwa 193. Wakarudi mezani, wakapunguza muda kutoka miaka mitano hadi miwili, muswada ukarudi bungeni Ijumaa ya Aprili 12.

Siku hiyo ndiyo ninayoisoma tena na tena. Andy Biggs wa Arizona alileta marekebisho: FBI na wengine wasitafute jina la Mmarekani humo bila hati ya jaji. Nyuma yake walisimama Jim Jordan, Mrepublikani aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, na Jerry Nadler, Mdemokrati mkubwa kwenye kamati hiyo hiyo, watu wawili ambao ni nadra kukubaliana hata saa ngapi sasa. Dhidi yao walisimama viongozi wa Kamati ya Ujasusi, Mrepublikani Mike Turner na Mdemokrati Jim Himes, na serikali ya Joe Biden ikawaunga mkono kwa nguvu zote. Turner na Jordan wote ni wa Ohio. Na Turner, dada yangu, ndiye mbunge wa Dayton.

Hoja ya kina Turner na Himes ilikuwa kwamba upekuzi mwingi wa majina ya Wamarekani unafanywa kuwalinda, si kuwashtaki. Kampuni inashambuliwa na wadukuzi wa Kichina, FBI inatafuta jina lake ione imeingiliwa kiasi gani. Huwezi kupata hati ya jaji dhidi ya mtu ambaye ndiye aliyeibiwa, maana hana kosa. Ni hoja nzito, na nilikaa nayo muda mrefu. Ila ukisoma marekebisho ya Biggs utaona yalikuwa na nafasi kwa dharura, kwa mtu aliyeridhia mwenyewe, na kwa utafutaji wa alama za programu haribifu. Aliyeibiwa anaweza kuulizwa: unaridhia tuangalie? Watu wengi waliovamiwa watasema ndiyo.

Kura zikapigwa. Waliotaka hati ya jaji walikuwa 212: Warepublikani 128, Wademokrati 84. Waliokataa walikuwa 212: Warepublikani 86, Wademokrati 126. Kwa kanuni za Baraza la Wawakilishi, kura zikifungana hoja imeanguka. Spika, ambaye kwa desturi hapigi kura mara nyingi, alipiga, na alipiga hapana, ingawa alipokuwa mjumbe wa Kamati ya Sheria alikuwa miongoni mwa waliolalamikia matumizi mabaya ya FBI. Alisema taarifa za siri alizosomewa baada ya kuwa Spika zilimpa mtazamo mwingine. Muswada ukapita 273 kwa 147. Seneti ikapiga kura usiku wa manane kuamkia Aprili 20, 60 kwa 34, Biden akatia sahihi siku hiyo hiyo, na kikomo kipya kikawekwa Aprili 2026.

Sheria hiyo ilileta pia vizuizi. FBI imekatazwa kutafuta jina la Mmarekani kwa nia tu ya kupata ushahidi wa jinai, na upekuzi wa kawaida unataka idhini ya mkubwa au mwanasheria. Hesabu zilikuwa zimeanza kushuka tangu kabla yake: 57,094 mwaka 2023, kisha 5,518 mwaka 2024. Ni mabadiliko makubwa na ya kweli. Lakini idhini ya mkubwa wa ofisi ile ile si jaji, na kilichobanwa kwa utaratibu wa ndani kinaweza kulegezwa kwa utaratibu wa ndani. Jaji mmoja wa shirikisho huko Brooklyn, katika kesi ya Agron Hasbajrami, mkazi wa kudumu mwenye asili ya Albania, aliamua mwishoni mwa 2024 kwamba upekuzi wa namna hii kwa kawaida unahitaji hati. Kwamba mwenye kesi hiyo alikuwa mtu wa grini kadi, si raia, ni jambo la kuwaambia ndugu zetu wote walioko huko.

Wakati macho yote yako kwenye 212 kwa 212, mambo mengine yalipita bila kelele, na mojawapo linakugusa wewe moja kwa moja. Mike Waltz, mbunge wa Florida wakati huo, aliingiza kifungu kinachotaka taratibu ziruhusu kuchunguza kupitia hifadhidata hii kila mtu asiye Mmarekani anayeshughulikiwa kwa safari ya kwenda Marekani. Si anayeshukiwa. Kila mtu. Ukijaza ile fomu ya kuombea viza, DS-160, mwezi wa sita utaulizwa simu, barua-pepe na majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Hivyo ndivyo vitu vinavyotafutika. Ushauri wangu ni mfupi: andika ukweli mtupu, usiache anwani ya zamani kwa kuona haina maana, na usifute akaunti wiki moja kabla ya usaili. Kama hujawahi kuandikiana na mlengwa, humo hamna kitu chako. Kama yule wa makontena Dubai alikuwa mlengwa, wewe uliyemwandikia kwa nia safi huna njia ya kujua, na afisa wa viza hatakueleza.

Jingine lililopita lilitanua orodha ya wanaoweza kulazimishwa kushirikiana. Zamani zilikuwa kampuni za simu, intaneti na barua-pepe. Sasa ni yeyote anayetoa huduma na ana mkono kwenye mitambo inayopitisha au kuhifadhi mawasiliano. Hoteli, nyumba za kuishi na migahawa ni miongoni mwa vilivyotajwa kuachwa. Seneta Ron Wyden wa Oregon alilipigia kelele sana hilo, na naona alikuwa sahihi. Sheria ikihitaji kusema mgahawa haumo, basi imeshakuwa pana mno.

Sasa turudi kwako, ambaye hukutajwa na mbunge hata mmoja kwa ajili ya kulindwa.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1990, katika kesi ya Verdugo-Urquidez, kwamba Marekebisho ya Nne hayamlindi mgeni aliyeko nje kwa mali yake iliyoko nje. Tangu hapo mjadala wote wa bungeni umejengwa juu ya msingi kwamba faragha yako si suala la Katiba yao. Obama, baada ya Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi za NSA, kufichua siri za usikilizaji huo mwaka 2013, alitoa agizo Januari 2014 kwamba hata wageni watazamwe kwa utu fulani wanapopelelezwa. Mwaka 2022 Biden akatoa agizo lenye nguvu zaidi, na likaunda chombo cha kusikiliza malalamiko ya wageni. Lakini chombo hicho hupokea malalamiko ya watu wa nchi zilizoteuliwa tu: za Umoja wa Ulaya na majirani zake wa kiuchumi, Uingereza, Uswisi. Tanzania haimo. Kenya haimo.

Kwa nini Wazungu wakasikilizwa? Kwa sababu Julai 2020 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilivunja mpango wa kupeleka data Marekani, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Kifungu hiki hiki cha 702. Biashara ya mabilioni ikasimama kwenye ukungu, na Washington ikaja mezani. Sisi tuna sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote zinazungumzia data kupelekwa nje ya nchi. Sijaona serikali yetu yoyote ikizitumia kuuliza swali ambalo Ulaya iliuliza. Naumia ninapoliandika hili, kwa sababu swali si gumu, na watu wanaohusika ni mamilioni wanaotumia Gmail na simu zao kila siku kama wewe.

Na hata kifungu hiki kikifa kesho, usikilizaji wa nje unaendelea. Upelelezi unaofanyika nje ya Marekani unaendeshwa kwa agizo la rais nambari 12333 la mwaka 1981, ambalo halina kikomo, halipigiwi kura wala halipiti mahakama ile. Nyaraka za Snowden zilizochapishwa Mei 2014 ziliitaja Kenya, pamoja na Mexico na Ufilipino, kuwa nchi ambazo NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu zake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Kazi ya namna hiyo haihitaji Kifungu cha 702.

WhatsApp yenu ya usiku: maneno na sauti mnazotumiana zimefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuzifungua, kwa hiyo ikilazimishwa haina cha kutoa isipokuwa nani kaongea na nani na lini. Tatizo ni nakala. Kama simu yako inahifadhi nakala ya mazungumzo kwenye akaunti ya Google au ya Apple na hujawasha kufuli lake, hiyo ipo wazi kwa mwenye ghala. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, tafuta nakala, washa kufuli, na nywila uiandike daftarini kwa sababu ukiisahau hakuna atakayekurudishia. Kaka afanye hivyo hivyo, maana nakala ya upande mmoja inatosha kufichua pande zote mbili. Gmail ni habari nyingine, kampuni inaweza kuisoma. Karatasi za nyumba ya mzee hazina siri ya taifa, endeleeni kutumiana. Ila zisiwe ndizo nakala pekee mlizonazo.

Kuhusu kaka. Yeye ana kitu ambacho wewe huna katika jambo hili, nacho ni kura ndani ya Dayton. Ofisi ya mbunge wake iko hapo hapo mjini, inapokea simu za wapiga kura, na hahitaji kujua sheria wala kutaja chama. Amweleze habari ya gari dogo la kupeleka Tanga na barua ya kuuliza bei, kisha amuulize kwa nini ofisa anayetaka kuisoma asipite kwanza kwa jaji.